Skrubu Iliyobaki

Kwanza nilivua soksi za sufu.
Sodankylä, katikati ya Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
hewa ya ndani imekauka hata kitasa cha mlango kinauma:
ukikigusa, cheche.
Na cheche hiyo, ndogo kuliko kiroboto,
huweza kuua ubongo wa kompyuta bila kuacha jeraha.
Basi nikakaa miguu mitupu, baridi ya sakafu ikinipanda magotini,
nikashika bomba la joto kama mtu anayekula kiapo.

Fundi yuko Rovaniemi, kilomita mia na thelathini za barafu.
Euro tisini kuitazama tu, kabla hajaigusa.
Waranti ilishakufa, ikazikwa, nyasi zikaota juu yake.
Jirani yangu Veikko alisimama mlangoni na koleo la theluji,
akasema, "Aune, mganga hajigangi."
"Mimi si mganga," nikamjibu, "na mgonjwa si mimi."
Akaenda zake akitikisa kichwa.

Wiki tatu mashine ilikuwa ikikoroma.
Ndani yake mna kulungu wa theluji elfu nne na mia mbili,
kila mmoja na alama ya sikio lake,
huyu wa ukoo gani, yule mama yake nani:
miaka kumi na tisa ya kuandika madaftari ya ushirika.
Nakala rudufu nilichukua.
La, niseme kweli:
ilikuwa ya Oktoba, nikajiambia Oktoba si mbali.

Nilichora umbo la mashine nyuma ya kalenda,
kila skrubu nikaibandika kwa utepe mahali ilipotoka.
Kumi na moja. Nilihesabu kwa sauti.
Mfuniko ukalia kama kifua cha kuku kikipasuliwa
na humo ndani nikajikuta mwenyewe:
vumbi limeshonana kama blanketi,
chembe ya mkate wa shayiri, unywele wa kulungu,
na nywele zangu, ndefu, za wakati zilipokuwa bado nyekundu.

Nilisugua feni kwa brashi ya rangi ya mjukuu.
Dawa ya kupitisha joto ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi;
nikaifuta kwa spiriti, nikaweka mpya.
Maelekezo yalisema: kiasi cha punje ya mchele.
Mchele wa nani? Kuna punje na punje.

Kisha, *ta.*
Sauti ya ukucha ukivunjika.
Kiwaya chembamba cheusi kimebaki kidoleni mwangu,
kichwa chake kimebaki kule.
Sikulia. Nilikaa tu.
Jua likachungulia dirishani, likaona, likaondoka.

Usiku nilifunika, nikakaza, nikabonyeza.
Giza.
Nikabonyeza tena, nikawaza Oktoba,
na ndama wote waliozaliwa kwenye karatasi tangu Oktoba,
na mtu wa ushirika, Oula, na nyusi zake.
Betri! Sikuwa nimeichomeka betri.

Ikawaka.
Kimya, jamani. Kimya kama theluji ikianguka juu ya theluji.
Nikawaita kulungu mmoja mmoja, wakaitika.

Lakini intaneti ya hewani haishiki tena, nimeikata mwenyewe.
Sasa waya wa buluu unatambaa toka jikoni, unapita ukumbini,
Veikko anajikwaa kila anapokuja kunywa kahawa
na kila anapojikwaa anamtaja yule mganga.
Na mchoro wangu umejaa, matundu yote yamezibwa,
ila skrubu moja ilikuwa mezani, ya kumi na mbili,
ambayo haikutoka popote.
Ipo kwenye kisahani cha funguo. Hatuzungumzi.

Jana Veikko ameingia bila kupiga hodi,
kompyuta yake kwapani, imefungwa kwa skafu.
Ameuruka waya kwa uangalifu.
"Inakoroma," akasema, macho chini.

Nikamwambia avue soksi.