Swali Husomwa Mara Moja Tu

Tangu Novemba mume wangu ana familia ya pili.
Wanaishi ndani ya simu yake na wanazungumza Kiingereza.
Usiku, theluji ya Yokote ikiwa imelala juu ya paa la gari,
Kuniharu huteremka maegeshoni, hujifungia,
injini hawashi, mafuta yamepanda,
akawasikiliza.

Kampuni imeuzwa. Wenye mali wapya wanataka alama mia sita
kwa kila msimamizi, hata wa ghala,
hata wa miaka hamsini na sita
aliyezungumza na maboksi maisha yake yote
na maboksi yakamwelewa.

Mimi humpelekea chai.
Kioo kinashuka vidole viwili, mvuke unatoka,
na sauti ya yule mwanamke inatoka nao,
safi kama sahani iliyooshwa mara mbili:
mashine ya kunakili imeharibika tena,
mkutano umesogezwa hadi Alhamisi,
nani kaagiza karatasi?
Watu gani hawa, namuuliza,
hawaugui, hawana mama mkwe,
kazi yao kukosa treni na kuombana radhi?
Ananinyamazisha kwa kidole.
Swali husomwa mara moja tu.

Jumapili ni zamu ya kusoma.
Dakika sabini na tano, kwa saa ninayochemshia mayai.
Barua ya hoteli inayosikitika sana.
Tangazo la viatu. Ratiba ya mafundi wa lifti.
Kidole chake cha shahada, kilichopondwa na kreti,
kinatambaa chini ya mistari
kama mtu avukaye barafu na mayai mkononi.
Kuna neno moja dogo, lile la “hata hivyo”,
linamwangusha kila siku:
sentensi imekwisha kukata kona,
yeye bado anakwenda mbele, peke yake, kwa furaha.

Juzi nilimuuliza, mwiko mkononi:
Umempa mama dawa?
Akanyamaza. Nikayaona macho yake yakipanda darini
kutafuta majibu.
A: Ndiyo, duka la dawa liko mkabala na benki.
B: Saa nane na nusu.
C: Nimesahau, nisamehe.
Nililijua lililo sahihi. Nimelingoja
tangu mwaka tulioana, kwa maswali mengine.
Nikampa sekunde tano, ndizo wanazotoa.
“Daktari ni mrefu,” akasema,
kisha akajisikia mwenyewe,
tukacheka mpaka mama akagonga ukuta
akitaka dawa yake.

Asubuhi ya mtihani nilisimama dirishani pa jikoni.
Tazama picha namba moja, nikajiambia.
A: Mwanamume anaparuza barafu kwenye kioo cha gari.
B: Mwanamume amevaa koti la harusi ya mdogo wake.
C: Penseli tatu zimechomoza mfukoni.
D: Mwanamume anaogopa.
D haiwezi kuwa. Kanda haisemi
kisichoonekana pichani,
hilo hata mimi nalijua sasa.
Hata hivyo.

Kifutio kilibaki mezani, kando ya bakuli la supu.
Nikatoka mbio na ndara za ndani, theluji ikanijaa vidoleni,
nikagonga kioo, kikashuka vidole viwili.
Nikampa kifutio, na kwa Kiingereza cha yule mwanamke,
kile nilichokiokota mlangoni mwa gari na kikombe mkononi,
nikamwambia: Samahani kwa kuchelewa.

Alama hutoka baada ya wiki tatu.
Mwenzangu wa dukani ananiuliza kila siku, nami sijui.
Najua tu kwamba alinitazama,
na hakuniomba nirudie.