Saa ya Kutazama Wagonjwa

Walipokuchoma sindano ya usingizi pale Amana
nilitoka mbio kama mtu aliyesikia boza la maji mtaani,
bila kanga ya pili, bila kukuaga.

Nikasema: leo ndiyo leo, natembea bila goti.
Nikapita Buguruni bila jasho,
nikavuka barabara ya Uhuru bila kuzitazama bodaboda,
nikafika kibarazani petu, cherehani imefunikwa shuka.
Nikakanyaga pedeli.
Haikutikisika.

Nikainamia kikaango cha mama Swaumu: hakuna harufu.
Nikadokoa embe bichi, chumvi na pilipili tele,
nikasubiri ulimi ulalamike.
Ulimi nilikuwa nimeuacha wodini.

Ndipo nikaukumbuka mguu wako wa kushoto,
mnene kuliko mwenzake kwa miaka thelathini ya pedeli,
mguu niliouonea haya kwenye harusi za watu.
Nikakumbuka kidole ulichokidunga sindano
siku barua ya Shomari ilipofika:
niliyeshtuka ni mimi,
damu ukatoa wewe.

Siku zote ni hivyo.
Nikipenda, unaodunda ni moyo wako.
Nikidanganya, mate yanakukauka wewe.
Nikiomba, magoti ni yako,
na thawabu, wanasema, ni zangu.

Nikarudi. Saa kumi na mbili imeshapita.
"Muda wa kutazama wagonjwa umekwisha," akasema mlinzi.
"Baba, dakika moja tu."
"Unamtazama nani?"
"Mwasiti Kombo, yule wa uvimbe."
"Na wewe nani?"
"Mwasiti Kombo."
Akacheka hadi kofia ikamwanguka.
Nikapita.

Ulikuwa umelala mdomo wazi,
kama mtu aliyemwachia mlango mwenzake mchelewaji.
Nesi anakuita jina, anakupigapiga shavu.
Nikaingia kwa kunyata, kana kwamba nina miguu.

Hukuniuliza nilikotoka.
Ulinipa maumivu kwanza, yote, chini ya kitovu,
kama mwenyeji anayempisha mgeni kwenye kiti chake kimoja.
Kisha kiu.

Najua iko siku nitatoka na geti lisifunguke.
Wanawake wa mtaa watakuosha,
watashangaa mguu mmoja kuuzidi mwingine,
nami sitakuwepo kuwaeleza.

Lakini kumekucha, na uji umeletwa.
Upulize, wa moto.
Sukari imezidi.

Ongeza kijiko.