Paka Kidogo

Kikaango hakikunipa onyo.
Niliushika mpini nikiwaza bili ya gesi,
na ule mpini ulikuwa unaota moto tangu magharibi.
Nikatamka neno ambalo Sauda hapaswi kulijua.
Analijua.

Nje, Barton Street ilikuwa nyeupe tupu.
Februari, Hamilton: maji ya bomba
hayana mzaha, yanauma kuliko moto wenyewe.
"Dakika kumi," anasema Sauda, miaka tisa,
kasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa
akiisimamia saa ya jiko.
"Baba, usitoe. Usitoe! Bado saba."

Bwana Kowalczyk wa juu alisikia kishindo,
akashuka na ndala zake
na kipande cha siagi kwenye kisahani.
Siagi!
Nilicheka huku machozi yananitoka.
Muheza wangenipaka dawa ya meno,
jirani wa kushoto angeleta unga, wa kulia yai,
mkono ukawa andazi.
Kumbe kila nchi ina ujinga wake inaoupenda.
Siagi tuliila na mkate, sote watatu,
akatukunjia mkono wa shati:
miaka thelathini na moja kwenye tanuru la chuma,
makovu yamekaa kama visiwa.
"Hili," akagusa moja, "mama alipaka siagi."
Ndilo lililokuwa baya kuliko yote.
Hakuona ajabu.

Tyubu ilikuwa kabatini,
nyuma ya nyembe, nyuma ya dawa ya kikohozi.
Imekunjwa kuanzia mkiani, kunjo juu ya kunjo,
kama Mwanahawa alivyokunja kila kitu:
leso, noti, hasira.
Karibu na shingo, bonyeo la kidole gumba chake.
Mara ya mwisho ilikuwa goti la Sauda,
siku ngazi zilipoganda barafu.
Aliliosha kwa sabuni. Hakulipuliza.
"Mdomoni mna wadudu," alisema,
akapaka, akabandika plasta ya nyota,
akaniambia nimwage chumvi pale ngazini.
Nikasema kesho.
Mwezi uliofuata akalazwa yeye,
kwa kidonda kisichofikiwa na mafuta ya aina yoyote.
Chumvi nilimwaga siku ya mazishi,
watu wasije wakateleza.

Sauda anasoma maandishi ya pembeni,
anayageuza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga:
"Paka kidogo, mara moja mpaka tatu kwa siku."
Ananyamaza.
"Paka kidogo ni mtoto wa paka?"
"Huyo ni paka mdogo, mama. Hii ni amri."
"Paka mdogo," anarudia, "paka kidogo,"
kisha anaona tarehe.
"Imepitwa na muda. Miaka miwili."
Tayari yuko juu ya pipa la taka.
Nilimdaka kwa mkono mzima.

Usiku ule tulifunga shashi tu.
Asubuhi tukaenda duka la dawa,
tukarudi na tyubu mpya,
tumbo limejaa, ngozi laini,
haimjui mtu.
Nikanawa, nikajikausha kwa kupapasa.
Sauda akafungua kifuniko kwa meno
(neno la mama yake kuhusu mdomo limeshamtoka)
akapaka utando mwembamba unaong'aa
kama njia ya konokono.
Plasta za nyota zilikwisha. Tuna za dinosaria.

Aliibonyeza katikati.
Mwanahawa angepiga kelele: mkiani! Anzia mkiani!
Mimi sikusema kitu.

Ile kuukuu imerudi nyuma ya nyembe.
Si dawa tena, najua kusoma tarehe.

Lengelenge limetuna kama punje ya mahindi mabichi.
"Usilipasue," Sauda ananiambia kila akienda kulala,
"litakauka lenyewe."
Silipasui.
Naligusa tu, usiku,
kuona kama bado.