Nyuma ya Klipu

Vifuniko vinne vya magurudumu, vya Pijo ya zamani,
vimefika Keko ndani ya kiroba cha mkaa.
Chaurembo anavipanga juu ya benchi langu
kama anayehesabu sahani baada ya hitima:
kimoja kimebonyea, viwili vimeliwa na kutu,
cha nne mama yake alikuwa akinyweshea kuku kule Mbagala,
bado kina mstari wa maji, na unyoya.

"Nataka viwe kama vilivyotoka kiwandani," anasema.
"Ile pete ya pembeni ilikuwa rangi ya maziwa.
Nakumbuka. Nilikuwa naiosha mimi, kila Ijumaa,
kabla baba hajatoka."

Sibishani na mteja asubuhi.
Nachukua msasa laini, maji, kipande cha sabuni ya mche,
nashuka polepole kama anayemenya yai la kuchemsha:
nyeupe ya enzi za teksi,
kijani cha harusi ya nani sijui,
halafu chuma, kimya.
Nageuza. Nyuma, chini ya klipu,
pasipofika jua wala kitambaa cha mtoto,
kuna kibaka kidogo, ukubwa wa ukucha:
kijivu.
Si maziwa hata kwa mbali.

Nazungusha maskini tepu (jina lake na mfuko wangu ni ndugu),
napuliza pete mara tatu, nyepesi nyepesi,
kompresa inakohoa, umeme unakatika, unarudi.
Ile mifereji myeusi ya katikati siichori.
Wapo wanaochora kwa brashi, ikatoka kama wanja wa bi harusi.
Kiwandani hawakuwa na muda wa wanja:
walipaka nyeusi kote, wakapitisha tambara lenye thina,
kilichobaki bondeni kikabaki.
Nami nafuta hivyo hivyo,
mkono mmoja, bila kurudi nyuma.

Jioni Chaurembo anaviangalia, hasemi.
Namwonyesha kile kibaka. Anakigusa kwa kidole.
"Sasa maziwa yalitoka wapi?"
"Juani," nasema. "Na kwenye Ijumaa zako."

Anahesabu noti, anakosea, anaanza upya.
Vitatu anavirudisha kirobani, kimoja kimoja,
na magazeti katikati.
Cha nne ananikabidhi.
"Hiki kianike juu ya bati."
"Mbona kimeshakauka?"
"Najua. Wewe kianike tu."