Kamba za Upepo

Punta Arenas, mwezi wa kumi na moja,
upepo ukichachamaa mpaka mapipa ya taka yanatembea,
manispaa hufunga kamba kwenye kona za barabara
ili watu wasipeperushwe wakivuka.
Leo nimeishika moja, mbele ya benki,
mkate kwapani,
nikasimama tu. Sikuwa na safari.

Ni mimi niliyemwacha Nahuel.
Naliandika hili kwanza, lisije likajificha mbele ya safari.
Ni mimi niliyesema "basi," jikoni, birika likilia,
naye akazima jiko kabla hajanijibu,
kwa kuwa gesi ni ghali
na ndivyo alivyo.

Aliyeachwa ana matanga yake:
marafiki humjia na keki, na bia, na matusi juu yangu.
Aliyeacha hapewi pole.
Mama kaniambia, "Danica, ulitaka mwenyewe,"
akaendelea kumenya viazi.
Kweli, nilitaka.
La kuvunda halina ubani.
Lakini hata kilichovunda huzikwa,
na mchimbaji naye huchubuka viganja.

Usiku nalala upande wangu ule ule.
Upande wake nimepanga vitabu vya famasia,
nguo zisizokunjwa, chaja,
ili godoro lisijue.
Saa tisa kidole chenyewe kinakwenda kwenye jina lake,
kinatafuta alikuwa hewani lini mara ya mwisho:
saa tisa kasorobo.
Kumbe naye halali.
Nikafurahi.
Nikaona haya kwa kufurahi.
Kisha nikalia, si sana,
kama bomba lililofungwa vibaya.

Wanasema majuto ni mjukuu.
Haya yangu si majuto. Nirudishe jikoni pale,
birika lile lile, nitasema "basi" tena.
Ila hakuna aliyenionya
kwamba hata uamuzi wa haki huja na homa.

Jumanne nilikwenda kwa mshauri wa chuo,
Bi Oyarzo, sweta la kijani lenye kifungo kimoja cha bluu.
Nilitarajia dawa. Akaniuliza nimekula nini.
Nikawaza. Sikukumbuka.
Akatoa ndizi mkobani,
akanitazama mpaka nikaimaliza.
Wiki ya kwanza, matibabu ndiyo hayo.

Sasa hapa benki, nyuma yangu,
mtoto wa shule kashika kamba hiyo hiyo,
koti limemjaa upepo kama puto.
Akitikisika, nami natikisika.
"Shangazi, unavuka au huvuki?"

Shangazi! Miaka ishirini na mitatu!

Nikacheka, kicheko cha sauti,
upepo ukakipokonya kinywani,
ukaenda nacho kwenye mlangobahari, sijui kwa nani.
Nikavuka.

Mkate ulivunjika njiani.
Niliula hivyo hivyo, nimesimama,
wote, kwa siagi.