Vifungo

Mama hakuiita mashine. Aliiita Mgiriki,
kwa kuwa ilitoka nyumba ya meneja wa mkonge, kule Pongwe,
siku Madamu Fotini alipouza hata mapazia,
akalia kidogo, akapanda gari, akaenda kwao.
Shilingi sitini. Mama alilipa kwa mafungu matatu
kununua pipa alilokwisha kulitumikia miaka tisa.

Mkokoteni ukaileta Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
watoto wakiisindikiza kama bibi harusi:
miguu minne ya chuma, tumbo jeupe la enameli,
na shingoni rola mbili za mpira
zilizobanana kama midomo ya mtu aliyeambiwa siri.

Umeme hatukuwa nao.
Waya wake Mama aliuviringa, akautundika msumarini.
"Utakuja wenyewe," alisema, "mimi siutafuti."
Pipa likawa la kuloweka. Rola akazizungusha kwa mkono.

Jumamosi, basi.
Ndoo sita kabla ya adhana.
Sabuni ya mche ikatwe kwa uzi, si kwa kisu;
nyeupe kwanza, kanzu za Baba na mashuka,
halafu kanga, halafu kaki za shule,
na matambara yamalizie maji yaliyochoka.
Buluu kidogo, fundo moja ndani ya kitambaa:
ikikolea, kanzu inatoka na rangi ya mgonjwa.
Wanga wa muhogo, usiache mabonge.
Kisha foleni: Bi Zumo na doti zake,
mke wa Shekiondo na chandarua,
Mama Riziki aliyekuja na maneno mengi kuliko nguo,
kila mmoja na kipande cha sabuni mkononi, ndiyo malipo,
wanamngoja Mgiriki awakamulie.

Alikamua, lakini alikula vifungo.
Kach! Na shati la Baba limebaki wazi kitovuni.
Mama aliokota vipande, akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Siku moja Mgiriki akala kidole. Cha shahada, cha kulia.
Mama hakupiga kelele. Alirudisha mpini nyuma nusu duara,
akakitoa, bapa kama ulimi wa kiatu,
akamalizia shuka lililobaki.

Mimi nimemletea ya kisasa. Ina kioo mlangoni,
inapiga muziki ikimaliza, kama simu.
Mama akavuta kigoda, akakaa mbele yake
dakika arobaini na nane, macho hayapepesi.
"Mbona umezifunga?"
"Ndivyo inavyofua, Mama."
"Zimekosa nini?"
Ilipoimba akazitoa, akaonja mkono wa shati kwa ncha ya ulimi,
akatikisa kichwa, akazitia karaini,
akazisuuza upya, mara tatu.

Jana umeme ulikatika katikati.
Mlango haukufunguka. Kanga zake zilisimama majini,
moja imejibandika kiooni kwa jina lake,
neno moja tu likisomeka: SIJUTII.

Nilimpigia fundi. Mama alikwenda chumbani,
akarudi na kopo. Akamwaga vifungo mkekani,
nusu, robo, vya chaza, vya plastiki, kimoja cha shaba cha reli,
akaanza kuvitenga kwa kile kidole bapa
kinachopita vizuri chini ya kila kipande.
"Hiki cha baba yako, mwaka wa mafuriko.
Hiki sikijui.
Hiki cha Madamu. Nilikificha."
"Kwa nini?"
Alikigeuza, akakipuliza, akakiweka peke yake.

Umeme uliporudi hatukusikia.
Mashine ikamaliza, ikaimba, komeo likaruka: tak.
Niliinuka. Akanishika pindo.
"Ziache kidogo," alisema.
"Zimeshazoea."