Nambari Ndogo

Hakuna aliyetulazimisha.
Karatasi ya ahadi, bosi Cirimwami aliitia sahihi mwenyewe
miaka sita iliyopita, kwa kalamu ya kuazima,
na tangu hapo kila Machi, mvua ikipiga mabati ya Nyawera,
matope yakishuka Kadutu kama yanayodaiwa,
mimi ndiye ninayehesabu.

Jedwali hufunguka polepole, mtandao ukikubali.
Safu ya kwanza, jina la jengo. Ya pili, mita za mraba.
Ya tano, umeme tuliokisia tulipochora.
Ya sita, umeme uliotumika kweli.
Ya saba hujijaza yenyewe: asilimia, na rangi.
Kijani ukipunguza.
Nyekundu kama ramani yako ilikudanganya.

Zahanati ya uzazi, Panzi. Mita mia tisa na kumi na mbili.
Madirisha tuliyageuzia upepo unaopanda kutoka Ruzizi,
paa tukaliinua shubiri moja ili joto lipate mlango.
Tulikisia thelathini na nane, kilowati-saa kwa kila mita.
Kompteri imesema kumi na moja.

Safu ya saba ikawaka kijani hadi macho yakaniuma.
Hongera, iliandika. Ninyi ni wa kwanza katika kundi lenu.

Wa kwanza!
Nikapanda pikipiki, nikashuka Panzi na daftari.

Muuguzi Nabintu alikuwa ameketi kwenye ngazi
akifuta taa ya kichwani kwa upindo wa kitenge.
Umeme unawatosha? nikauliza.
Akacheka, kicheko kifupi cha mtu wa zamu ya usiku.
“Upi? Huu unaokuja saa nane kuangalia kama tumelala,
halafu unarudi kwao?”
Hapo bondeni mto ulikuwa unanguruma.
Bwawa liko jirani. Nyaya zinapita juu ya paa letu
kama wageni wasiosalimia.

Mlinzi Bahizire ana daftari lake la grupu:
Jumanne, lita nne.
Jumatano, hakuna.
Alhamisi, lita saba, mapacha.
Ijumaa mazutu imekwisha, tumemulika kwa simu za wajomba.
Na nyuma, chini ya kibanda ambacho sisi hatukukichora,
mbabula mbili, sufuria ya mikasi inachemka,
gunia moja la makala kila siku ya tatu.

Usiku ule nilijumlisha.
Mazutu ikaongeza kumi na tano. Bado kijani, kilichopauka.
Makala ikaongeza hamsini na tatu.
Sabini na tisa.
Lakini safu ya makala haipo. Niliitafuta
hadi mwisho wa jedwali, kule ambako kurasa huwa tupu.
Wala safu ya kungoja haipo,
wala ya mtoto aliyepokelewa kwa mwanga wa simu ya mjomba
yenye asilimia nne.

Asifiwe, wa zabuni, akaniinamia begani:
“Acha kijani. Cheti kitatusaidia kule Uvira.
Nani atakuja kukagua? Si ni hiari?”
Hiari yashinda utumwa, nilitaka kumwambia,
ila kinywani ilinigeukia kuwa methali ya ukutani,
ya kuning'inizwa tu, pembeni mwa cheti.

Bosi alikuja na chai yake. Akasoma nambari zote tatu.
Akarudia kuzisoma kwa kidole.
Alipoifikia ya mwisho alivua miwani,
akauliza kibanda kile kina ukubwa gani.
Mita sita, nikasema.
“Nasi hatukukichora,” akasema. “Ijumlishe.”
Akaenda zake, chai ameisahau juu ya ramani.

Nikaiingiza makala kwa nguvu, katika safu isiyo yake.
Kijani kikazimika. Nyekundu.
Papo hapo kikafunguka kisanduku, herufi mia tano:
Tafadhali eleza hatua mtakazochukua
kupunguza matumizi ya nishati.

Nilikaa hapo muda mrefu. Chai ikaota utando.
Kisha nikaandika:
Kuongeza umeme.

Herufi zilizobaki: 485.